Passé simple ya Kifaransa: ukariri majedwali, upitie participe passé, au uanze na nafsi ya tatu?

Mtu anaweza kuzungumza Kifaransa kila siku, sokoni, ofisini na kwenye simu, asitamke *il fut* hata mara moja. Wafaransa wenyewe wameiacha passé simple, njeo ya wakati uliopita ambayo *il fut* ("alikuwa") ni mfano wake, katika mazungumzo, na mdomoni wanatumia passé composé, njeo ya maneno mawili kama *j'ai fini* ("nimemaliza"). Lakini fungua riwaya, hadithi ya watoto, kitabu cha historia, wasifu wa mtu mashuhuri au Biblia ya Kifaransa, utaikuta mstari baada ya mstari. Ndiyo maana mwanafunzi aliyekwisha kuzoea kuongea hukwama ghafla kwenye ukurasa wa kwanza wa riwaya. Anaona *naquit*, *vécut*, *vint*, *dut*, na hajui vitenzi hivyo vimetoka wapi.

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Nikariri majedwali yote? Nitumie participe passé (maumbo kama *fini* ndani ya *j'ai fini*) ninazozijua tayari? Au nijifunze nafsi ya tatu tu, nyingine zisubiri? Njia zote tatu zinafundishwa, na kila moja ina watu waliofika nayo. Nitazipima kwa vigezo vile vile ili uchague inayolingana na kile unachotaka kufanya na njeo hii.

## Tunanyambua nini hasa

Chukua aya tano za kwanza za kitabu cha Mwanzo katika tafsiri ya Louis Segond, ambayo wasomaji wengi wa Kongo na Burundi wameizoea. *Au commencement, Dieu créa les cieux et la terre.* Kisha: *Dieu dit : Que la lumière soit ! Et la lumière fut. Dieu vit que la lumière était bonne. Et Dieu sépara la lumière d'avec les ténèbres.* Halafu Mungu *appela* nuru mchana, na mwisho: *il y eut un soir, et il y eut un matin.*

Sasa sikiliza Biblia ya Kiswahili: "Mungu aliziumba", "Mungu akasema", "ikawa nuru", "Mungu akaiona nuru", "Mungu akatenga". Pale ambapo Kiswahili kinasogeza kisa mbele kwa -li- na kisha -ka-, Kifaransa kimeweka passé simple. Pale panapoelezwa hali ilivyokuwa, *était bonne*, kimeweka imparfait. Kazi ya passé simple ni hiyo: kubeba matukio yaliyokwisha, moja baada ya jingine, hadi kisa kifike mwisho.

Katika aya hizo chache umekwisha kukutana na makundi matatu kati ya manne ya mnyambuliko wake, yaani namna kitenzi kinavyobadilika kulingana na nafsi: *créa, sépara, appela*, *dit, vit*, *fut, eut*. Makundi yenyewe ni haya:

Kundi la A. Vitenzi vyote vya -er, bila kuacha hata kimoja. Hata *aller*, ambacho katika njeo nyingine kinasumbua, hapa kimetulia. Miisho: -ai, -as, -a, -âmes, -âtes, -èrent.

Kundi la I. Vitenzi vingi vya -ir na vya -re, pamoja na *voir* na *s'asseoir*. Miisho: -is, -is, -it, -îmes, -îtes, -irent.

Kundi la U. *Être*, *avoir*, vitenzi vingi vya -oir, na vingine kama *courir, mourir, lire, boire, croire, connaître, vivre*. Miisho: -us, -us, -ut, -ûmes, -ûtes, -urent.

Kundi la IN. *Venir* na *tenir* pamoja na vyote vilivyozaliwa navyo: *devenir, revenir, obtenir, soutenir* na wenzao. Miisho: -ins, -ins, -int, -înmes, -întes, -inrent.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi havilisemi kwa sauti ya kutosha, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote: katika passé simple shina halibadiliki kutoka nafsi moja hadi nyingine. Katika présent (wakati uliopo) unasema *je vais, nous allons, ils vont*, kitenzi kimoja chenye sura tatu. Katika passé simple ni *all-* mwanzo hadi mwisho: *j'allai, il alla, ils allèrent*. *Être* ni *fu-* kote, *faire* ni *fi-* kote. Kinachobadilika ni tahajia tu katika vitenzi kama *manger* na *commencer* (*il mangea* lakini *ils mangèrent*, *il commença* lakini *ils commencèrent*), na hapo herufi inalinda sauti ile ile. Kwa hiyo ukijua *il* ya kitenzi chochote, nafsi tano zilizobaki unazipata kwa kubadilisha mwisho.

Maana yake, kila kitenzi kinakuuliza swali moja tu: shina lako ni lipi na irabu yako ni ipi? Njia tatu tunazolinganisha ni namna tatu za kupata jibu hilo.

## Vigezo

Cha kwanza ni muda, yaani unaanza kuona matunda baada ya juhudi kiasi gani. Cha pili ni uaminifu: njia ikikupa jibu, unaweza kulitegemea, au itakudanganya kwenye baadhi ya vitenzi? Cha tatu ni mwelekeo. Kutoka *naître* kwenda *naquit* ni kazi ya mwandishi, na kutoka *naquit* kurudi *naître* ni kazi ya msomaji. Watu huchanganya kazi hizi mbili, kumbe anayeweza moja si lazima aweze ya pili. Cha nne ni nafsi: unapata zote sita au baadhi? Cha tano ni kama ulichojifunza kitabaki kichwani usipokitumia kwa muda.

## Njia ya kwanza: majedwali

Inavyokwenda. Unachagua kitenzi kimoja cha mfano kwa kila kundi, kwa mfano *parler, finir, être, venir*, unakariri nafsi zote sita kwa sauti, kisha unaongeza vitenzi vya shida kimoja kimoja. Vitabu vya majedwali kama Bescherelle vimepangwa hivyo: kila kitenzi kinaelekezwa kwenye jedwali la mwenzake kinachofanana naye. Mfano ni *venir*: *je vins, tu vins, il vint, nous vînmes, vous vîntes, ils vinrent*.

Muda. Mwanzo ni mzito. Unakariri *vous vîntes* na *nous fûmes* leo, na huenda mwezi ukapita usizione popote. Kwa mtu asiye na mwalimu wa kumsukuma, hapa ndipo wengi wanapokata tamaa.

Uaminifu. Hakuna njia inayoishinda. Jedwali halikisii. Linakuonyesha hata vitenzi visivyo na passé simple kabisa, kama *traire*, *extraire* na *clore*, kwa kuacha nafasi tupu. Linakufundisha pia alama ya kofia (^) inapokaa. *Nous* na *vous* zinaivaa katika makundi yote manne: *parlâmes, finîtes, eûmes, tîntes*. *Il* kwa kawaida haivai. Ukiandika *il fût* badala ya *il fut*, umeondoka kwenye passé simple na kuingia kwenye imparfait ya subjonctif, njeo nyingine kabisa. Marekebisho ya tahajia ya Kifaransa ya 1990 yaliondoa kofia juu ya i na u katika maneno mengi, lakini miisho ya passé simple iliachwa nayo. Hivyo asikudanganye mtu kwamba siku hizi *vous fûtes* unaweza kuiandika bila kofia.

Mwelekeo. Jedwali linaanzia kwenye kitenzi na kwenda kwenye umbo lake. Linamfaa anayeandika au anayejibu swali la sarufi. Msomaji anayekutana na *il vécut* hana pa kuanzia, kwa sababu jedwali limepangwa kwa jina la kitenzi, na hilo ndilo asilolijua.

Nafsi. Zote sita, kwa usawa. Huo ni ukamilifu, na ni gharama pia.

Kudumu. Kilichokaririwa kwa sauti hudumu vizuri kikirudiwa. Kikiachwa, cha kwanza kupotea ni vile vitenzi vya shida vilivyokuchukua muda mrefu.

Inamfaa nani. Mwanafunzi ambaye mtihani wake unampa kitenzi na nafsi na kumwambia anyambue. Mwalimu, ambaye hawezi kubahatisha mbele ya darasa. Na yule mtu ambaye kitu kikiingia masikioni kwa mdundo hakitoki tena.

## Njia ya pili: kupitia participe passé

Njia hii nitaikalia zaidi, kwa sababu ndiyo inayopendwa sana na ndiyo yenye mitego mingi.

Inavyokwenda. Ukijua passé composé, tayari unajua participe passé nyingi: *j'ai fini, j'ai pris, j'ai bu*. Tazama irabu iliyo mwishoni. Ikiwa ni *é*, kitenzi ni cha kundi la A: *parlé*, *il parla*. Ikiwa ni *i*, peke yake au ikifuatwa na *s*, ni cha kundi la I: *fini, il finit*; *dormi, il dormit*; *pris, il prit*; *mis, il mit*. Ikiwa ni *u*, ni cha kundi la U: *eu, il eut*, *pu, il put*, *su, il sut*, *lu, il lut*, *bu, il but*, *cru, il crut*, *connu, il connut*, *reçu, il reçut*, *vécu, il vécut*.

Muda. Siku hiyo hiyo unaanza kunyambua. Kwa mtu mwenye passé composé imara, hakuna njia ya haraka kuliko hii. Unachotakiwa kukumbuka ni kwamba herufi ya mwisho ya *il* ni *t* katika makundi ya I, U na IN. Kosa linaloonekana sana kwenye madaftari ni *il pris*, *il mis*: mtu amebeba participe nzima na kuisahau *t*. Jingine ni kofia ya *dû*, ambayo haiendi na kitenzi: ni *il dut*, bila kofia.

Uaminifu. Hapa ndipo lazima uwe macho. Kwa irabu *é* njia hii haikosei sana, kwa kuwa vitenzi viwili tu visivyo vya -er ndivyo vyenye participe ya namna hiyo: *être (été)*, ambacho ni *il fut*, na *naître (né)*, ambacho ni *il naquit*. Kwa irabu *u* na kwa participe zinazoishia na *t*, mambo ni mengine.

Tuanze na *u*. *Vendre* ina *vendu*, lakini ni *il vendit*. Hivyo hivyo *perdu, il perdit*. *Répondu, il répondit*. *Descendu, il descendit*. *Battu, il battit*. *Rompu, il rompit*. Kuna namna ya kuvitambua. Ondoa -re kwenye kitenzi, uongeze *u*. Ukipata participe kamili (*vend-u, perd-u, batt-u*), jua kwamba kitenzi hicho ni cha kundi la I. Zile participe zilizofupishwa au kugeuzwa, *lu, bu, cru, connu, vécu*, ndizo zinazobaki kwenye U.

*Voir* ina *vu* lakini ni *il vit*, na *prévoir* inaifuata: *il prévit*. *Pourvoir* ikakataa kuwafuata wenzake: *il pourvut*. *Vêtu* ni *il vêtit*, ilhali *couru* ni *il courut*. Na *venu* na *tenu* zina kundi lao la IN.

Kisha zile zinazoishia na *t*. *Dit* inakupa *il dit*, sawa. Lakini *écrit* haikupi *il écrit* (hiyo ni présent), bali *il écrivit*. *Conduit* ni *il conduisit*. *Craint* ni *il craignit*, *peint* ni *il peignit*. *Ouvert* ni *il ouvrit*, na *offert* ni *il offrit*.

Ziba pengo hilo kwa hila moja inayofanya kazi vizuri ajabu: participe ikikataa, rudi kwenye *nous* ya présent, ondoa -ons, weka miisho ya kundi la I. *Nous écrivons, il écrivit. Nous conduisons, il conduisit. Nous craignons, il craignit. Nous ouvrons, il ouvrit. Nous vendons, il vendit. Nous battons, il battit.* Hata *vaincre* na *coudre*, vinavyowatisha watu, vinanyooka: *nous vainquons, il vainquit*, *nous cousons, il cousit*. Nyuma ya hila hiyo hubaki vitenzi vichache vinavyotumika mno ambavyo lazima uvikariri tu: *être (fut), faire (fit), voir (vit), venir (vint), tenir (tint), mourir (mourut), naître (naquit)*. Ukivishika hivyo saba, njia ya pili inakuwa ya kutegemewa kwa sehemu kubwa ya vitenzi utakavyovihitaji kuandika.

Mwelekeo. Inafanya kazi pande zote mbili kuliko jedwali. Ukiona *il reçut* unakumbuka *reçu*, na *reçu* inakupeleka kwa *recevoir*. Ukiona *ils mirent*, *mis* haiko mbali.

Nafsi. Zote sita, mradi umekariri miisho ya kundi. Irabu unaipata kwa participe, na miisho unaijua wewe.

Kudumu. Nzuri sana, kwa sababu passé composé unaitumia kila siku, na kila ukiitumia unaimarisha participe zenyewe.

Inamfaa nani. Mtu anayezungumza Kifaransa vizuri na sasa anataka kuandika visa. Haimfai aliye bado anababaika na participe passé. Huyo ataleta makosa ya njeo moja kwenye nyingine, na atashindwa kujua kosa limetoka wapi.

## Njia ya tatu: nafsi ya tatu kwanza, kwa kusoma

Inavyokwenda. Unajifunza *il* na *ils* pekee: *alla, allèrent*, *dit, dirent*, *fut, furent*, *vint, vinrent*. Unavipata ndani ya maandishi mafupi, hadithi za watoto, sura za historia, visa vya Biblia, na kila umbo unaliandika pamoja na kitenzi chake. Hata Ufaransa kwenyewe mtaala wa 2015 kwa wanafunzi wa CM1 hadi 6e (miaka miwili ya mwisho ya shule ya msingi na wa kwanza wa sekondari) uliweka mkazo kwenye nafsi za tatu, na uamuzi huo ulizua ubishi. Sababu yake inaeleweka: hadithi nyingi zinasimuliwa kuhusu *yeye* na *wao*.

Muda. Wa wastani. Hakuna siku utakayosema umemaliza, ila kila ukurasa unakuwa mwepesi kuliko uliotangulia.

Uaminifu. Unategemea ulichosoma. Vitenzi vinavyorudi mara kwa mara utavijua bila shaka, na vya nadra hutavijua. Mitego ya njia hii ni ya macho, kwa sababu baadhi ya maumbo yana sura mbili. *Il finit* na *il dit* ni présent na pia ni passé simple, na ni sentensi za jirani tu zitakazokuambia ni ipi. *Il vit* ni "aliona" ikitoka kwa *voir*, lakini ni "anaishi" ikitoka kwa *vivre*. *Il plut* inaweza kuwa "alipendeza" au "mvua ilinyesha", *plaire* au *pleuvoir*. *Il fonda* ni ya *fonder*, kuanzisha mji au shule, na *il fondit* ni ya *fondre*, kuyeyuka. Msomaji wa njia hii hujifunza mapema kutazama sentensi nzima kabla ya kuamua, na hiyo ni tabia inayomsaidia kwenye Kifaransa chote.

Mwelekeo. Kutoka umbo kwenda kitenzi. Kwa kusoma, haina mpinzani.

Nafsi. Mbili kati ya sita, na hapa ndipo inapodai fidia. Riwaya inayosimuliwa kwa "mimi" itakuletea *je fus, je vis, je pris*, na zaidi ya yote itakuletea *j'allai* kando ya *j'allais*. Ya kwanza ni passé simple, ya pili ni imparfait, na tofauti ni *s* moja. *Je parlai* ni tendo lililofanyika likaisha, *je parlais* ni hali iliyokuwa ikiendelea. Kwa kuwa wengi huyatamka maneno hayo mawili kwa sauti moja, hata Wafaransa huyachanganya wanapoandika. Aliyejifunza *il parla* tu hatapata onyo lolote hapo.

Kudumu. Nzuri kwa anayeendelea kusoma, hafifu kwa aliyeacha vitabu.

Inamfaa nani. Msomaji, mhubiri anayeandaa somo kwa Biblia ya Kifaransa, mwanafunzi wa historia anayefungua vitabu vya zama za ukoloni wa Ubelgiji au Ufaransa, na mfasiri anayeleta Kifaransa kwa Kiswahili, ambaye kazi yake ni kuelewa *il se leva, prit son chapeau et sortit* na kuandika "akainuka, akachukua kofia yake, akatoka".

## Njia tatu zikipimwa kwa maneno matatu

Julius Caesar alisema kwa Kilatini kwamba alikuja, akaona, akashinda. Kwa passé composé Kifaransa kinasema *je suis venu, j'ai vu, j'ai vaincu*. Tuyaweke kwenye passé simple.

Anayefuata participe passé peke yake ataona *venu, vu, vaincu*, zote tatu zina *u*, na ataandika vitenzi vyote vitatu kwenye kundi la U. Atakosa vyote vitatu. Akitumia hila ya *nous*, ataokoa kimoja, *vaincre*. Aliyejifunza nafsi ya tatu anajua *il vint, il vit, il vainquit*, ikiwa amekutana navyo, lakini lazima abadilishe mwisho kwa *je*, na akiwa hakufundishwa kwamba shina halibadiliki atasita. Mtu wa majedwali anaandika moja kwa moja: *je vins, je vis, je vainquis*.

Sasa rudi kwenye zile aya za Mwanzo. Msomaji wa nafsi ya tatu anazipita bila kusimama. Wa participe passé anapata *créa, dit, sépara, appela, eut* kwa urahisi, na anasimama kwenye *fut* na *vit*. Wa majedwali anavijua vyote, ila inabidi atafute *vit* ipo kwenye jedwali gani.

Maandishi ya aina mbili yamewapa nafasi watu tofauti. Ndiyo maana anayekuuliza ni njia ipi bora, muulize kwanza anaandika au anasoma, na nani anayezungumza kwenye kisa chake.

## Kwa hali yako

Mtihani wako unahusu mazungumzo, barua na insha fupi. Huhitaji kunyambua passé simple. Simulia kwa passé composé na imparfait, ni Kifaransa sahihi kabisa. Jifunze tu kuitambua *il fut, il eut, il fit, il dit, il vint* na wingi wake, usije ukakwama kwenye kifungu cha kusoma.

Unasoma shule ya Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura, na Kifaransa ni lugha ya masomo. Utakutana na imla, maswali ya sarufi na vifungu vya fasihi. Anza na participe passé, ongeza hila ya *nous* na vile vitenzi saba, kisha tumia majedwali kukagua *nous* na *vous*, hasa kofia.

Mtihani wa sarufi umekaribia na passé composé yako haijasimama. Usiende kwa participe. Kariri jedwali moja kwa kila kundi na *il* ya vitenzi vya shida, kwa sauti, mara chache kila siku. Muda ukibaki, rekebisha passé composé baadaye.

Unataka kusoma riwaya. Nafsi ya tatu kwanza. Ukishaizoea, fungua riwaya inayosimuliwa kwa *je* na ujipe kazi ya kutafuta kila -ai na -ais. Baada ya kurasa kadhaa jicho litaanza kuziona zenyewe.

Unaandika hadithi au unatafsiri kwenda Kifaransa. Unahitaji participe passé kwa kasi na jedwali mezani kwa uhakika. Kumbuka pia kwamba wahusika wako wanapofungua mdomo waseme passé composé. Passé simple ni ya msimulizi, na mhusika anayemwambia jirani yake *je vins hier* atamshangaza msomaji yeyote wa leo.

Unafundisha. Wape wanafunzi kifungu chenye *il* na *ils* kabla ya jedwali lolote, waone kazi ya njeo. Wakiuliza wenyewe kwa nini *vit* haifanani na *vu*, hapo wape jedwali la kundi la I na muanze kunyambua pamoja.